Mkono wa Nani Ushike Kamba ya Kupimia?



Mtu aliyesogeza mpaka wa jirani yake usiku anajua kwamba ametenda dhambi, na siku moja moyo utamsukuma kwenye kiti cha maungamo. Mtu aliyeghushi sahihi ya ndugu yake ili auze shamba, naye anajua. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuungama kwamba alimpita mtu mwaminifu na stadi wa kazi, akamwendea asiyejua kazi wala uaminifu, kwa sababu moja tu: kwamba yule wa kwanza alikuwa mwanamke? Jambo hili tunalitenda mchana, mbele ya watu, wala haya hatuoni. Kwa hiyo Tume yetu imeona si vema kunyamaza.

1. TUNAYOYAONA

Zamani ardhi ya mlimani haikuwa bidhaa. Kihamba kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana, mpaka wake ukawa isale, na shahidi wake akawa jirani. Leo vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena, hata katika nyumba nyingi mtoto wa nne hana pa kusimika nguzo. Ndipo watoto wetu wanashuka Uchira, Himo, Njia Panda na Kahe. Wengine wanafika Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam kutafuta kiwanja. Na kiwanja hakipatikani kwa kukiona tu. Yupo dalali wa kumkutanisha muuzaji na mnunuzi. Yupo mpima wa kusimika mawe ya mpaka. Yupo mthamini wa kutaja thamani. Yupo wakili wa kuandika mkataba. Wapo mashahidi wa kutia sahihi. Watu hawa wote hula mkate wao kwa imani ya yule anayewaita.

Basi tuulizane: sisi tunamwita nani?

Mtu ana robo eka ya kuuza. Anafika kijiweni na kuomba aonyeshwe dalali mwanamume, anayejua kusema na watu. Dalali mwanamke yupo hapo hapo mtaani. Kwa miaka mingi amewapangishia watu vyumba, na hakuna mpangaji anayemlalamikia kwa senti moja iliyopotea. Anaambiwa kwa upole, “Mama, wewe endelea na vyumba.” Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa bila kikao chochote: vyumba vya kupanga, ambavyo desturi yake ni ujira wa kodi ya mwezi mmoja, vimeachiwa wanawake; mashamba na viwanja, penye fungu la mamilioni, pamewekwa wanaume. Kisha tunasema wanawake hawana uzoefu wa kuuza mashamba. Wataupata wapi, ilhali mlango wa uzoefu huo tumeufunga sisi?

Binti amesoma upimaji katika Chuo Kikuu Ardhi. Anafika shambani na vyombo vyake, pamoja na kijana wa kumshikia fito. Wenye shamba wanamsalimu kijana kwanza, wanamwuliza kijana maswali, wanampa kijana kiti. Yeye kijana hana la kujibu; anageuka na kumtazama binti. Hata hapo wazee hawajaelewa.

Mthamini mwanamke anakagua nyumba na kutaja thamani yake. Mwenye nyumba anashukuru, kisha kwa siri anamtafuta mwanamume aje kuhakikisha. Mwanamume anataja kiasi kile kile, na mwenye nyumba anaridhika. Amelipa mara mbili kwa hesabu moja. Alichonunua mara ya pili si elimu bali ni sauti nzito.

Hata mnunuzi mwanamke hajasalimika. Mjane ana akiba yake ya miaka mingi ya ndizi, maziwa na vikoba. Anajua kwamba akienda peke yake bei itapanda, au muuzaji atamwambia amlete mwenyewe. Kwa hiyo anaazima kaka. Kaka wa kuazima ndiye anayeongea, ndiye anayehesabu fedha, na mara nyingine jina lake ndilo linaloandikwa katika mkataba, kwa kuwa karani hakuona sababu ya kuuliza. Miaka inapita. Kaka anafariki, wanawe wanadai kiwanja, na karatasi inawaunga mkono. Mjane amenyang'anywa mali yake bila mwizi kuingia nyumbani. Na mwanzo wa yote ni nini? Ni sisi sote, tuliomfundisha kwamba neno lake peke yake halinunui ardhi.

2. VISINGIZIO TUNAVYOVISIKIA

Kisingizio cha kwanza ni mila. Twaambiwa kwamba ardhi ni ya ukoo, na mwanamke ni mgeni: nyumbani kwa baba yake ataondoka, na kwa mumewe amekuja. Tunaiheshimu mila iliyolinda vihamba visiuzwe ovyo na kuwafanya ndugu kuwa walinzi wa ndugu. Lakini tuseme ukweli. Anayeuza kihamba leo kwa mgeni asiyejulikana, ili alipe deni la pombe, hakumbuki mila. Mila inakumbukwa pale tu mwanamke anapotaka kusema neno. Mila inayolala wakati wa kuuza na kuamka wakati wa kumnyamazisha mama si mila tena, ni kisingizio.

Cha pili ni kwamba mwanamke hajui mipaka. Neno hili tulilisikia tukastaajabu. Ni nani anayekata majani ya ng'ombe alfajiri kando ya kila isale? Ni nani anayepalilia migomba, anayepitisha maji ya mfereji kwa zamu, anayejua mti upi ni wa jirani na upi ni wa kwake? Baba yuko Dar es Salaam, anakuja Krismasi. Mama yuko kihambani siku zote 365. Itakuwaje ajuaye mpaka awe yule anayeuona mara moja kwa mwaka?

Cha tatu ni usalama. Twaambiwa kwamba kazi ya ardhi ina mapori, wageni na ugomvi wa mapanga, basi tunawahurumia wanawake. Hatari hizo zipo, hatuzikani. Kuna wateja wanaomwita dalali mwanamke kuonyesha nyumba, kumbe wana nia nyingine. Lakini tazameni hukumu yetu: mkosaji ni mteja mwenye nia mbaya, na anayenyimwa kazi ni mwanamke. Huruma ya kweli ingemsindikiza kazini. Hii ya kwetu inamfungia nyumbani.

Cha nne ndicho kizito: “Fedha ni yangu, nitamchagua nimtakaye.” Naam, fedha ni yako, na uhuru wa kuchagua ni wako. Lakini Mkristo huulizwa pia sababu ya uchaguzi wake. Ukimkataa mtu kwa kuwa ni mwongo, umetenda kwa hekima. Ukimkataa kwa kuwa hajui kazi, umetenda kwa hekima. Ukimkataa kwa umbile alilopewa na Muumba, umemkataa nani?

Wala hatusemi kwamba wanawake ni malaika. Yupo dalali mwanamke anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kama yupo dalali mwanamume. Wala hatuombi mwanamke apewe kazi kwa kuonewa huruma. Tena tunawakemea wale wanaomwita mwanamke kwa sababu wanatumaini atakubali ujira mdogo, naye akidai fungu lile lile la wenzake wanamwita mkali. Tunachoomba ni kwamba pimeni watu wote kwa kipimo kimoja. Mizani miwili katika duka ni wizi. Na mizani miwili katika kuchagua watu tuiiteje?

3. HASARA HAIISHII KWA WANAWAKE

Msidhani kwamba haya ni malalamiko ya akina mama peke yao. Tafakarini mlolongo wa mauzo ulivyo. Muuzaji mwanamume anamwita dalali mwanamume, dalali anamleta mnunuzi mwanamume, wanakaa mahali pa mbege na mashahidi wanaume, wanaandikiana. Katika mlolongo wote huo hakuna hata mmoja aliyeingia nyumbani na kumwuliza mama: “Je, unajua kwamba pahala hapa panauzwa?”

Sasa sheria yasemaje? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinamtaka mnunuzi na mkopeshaji afanye uchunguzi kuhusu ridhaa hiyo. Mnunuzi aliyeletwa kwa mlolongo ule atajenga msingi, atapandisha kuta, na siku moja ataitwa barazani. Mama wa nyumba atasema hakushirikishwa, na atakuwa anasema kweli. Mnunuzi atamtafuta dalali. Dalali hapatikani kwa simu. Nyumba mbili zimeingia katika uadui ambao utarithiwa na watoto.

Wajibu wa kuuliza ni wa kila dalali, awe mume au mke. Lakini mahali ambapo watu wa aina moja tu ndio wanaoitwa, swali moja husahauliwa na wote kwa pamoja. Kwa hiyo anayemwacha dalali mwanamke au shahidi mwanamke kwa dharau anaitoboa kinga yake mwenyewe.

4. SHERIA IMEFIKA MLANGONI

Wapo wanaosema kwamba jambo hili tuiachie serikali. Ndugu, serikali imekwisha kutembea sehemu yake ya njia. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zimetamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume. Sheria ya Vijiji imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo. Imeagiza kwamba katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wawemo wanawake 3.

Hata kabla ya sheria hizo mahakama ilikuwa imesema. Mwaka 1988, katika mkoa wa Kagera, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza shamba la ukoo. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila ya namna hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizomo katika Katiba yetu. Mauzo ya mama yule yakathibitishwa.

Tena taifa hili limekwisha kuwakabidhi wanawake ardhi yake yote. Bibi Gertrude Mongella aliiongoza wizara ya ardhi katikati ya miaka ya 1980. Profesa Anna Tibaijuka aliiongoza tangu 2010 hadi 2014, baada ya kuliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Dakta Angeline Mabula aliiongoza mwaka 2022 na 2023. Nchi nzima, kutoka Kagera hadi Mtwara, imewekwa chini ya sahihi ya mwanamke. Nasi twasita kumkabidhi mwanamke kipande cha hatua 20 kwa 20!

Lakini hapa ndipo sheria inapofikia mlango na kusimama. Inaweza kumpa mwanamke kiti katika baraza. Haiwezi kumlazimisha mdai kumsikiliza. Wajumbe wanawake 3 wamekaa, na wenye shauri wanapita nyuma ya nyumba kuongea na wajumbe wanaume 4. Inaweza kumpa binti cheti cha upimaji. Haiwezi kumlazimisha mtu yeyote kumpigia simu. Hakuna askari wa kumkamata mteja kwa sababu ya mtu ambaye hakumwita. Sehemu hii ya njia imeachiwa dhamiri, na dhamiri ndilo shamba la Kanisa.

5. NENO LA MUNGU LINATUHUKUMU

Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, chatueleza habari za mabinti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alikufa jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Hawakuazima kaka. Walisimama wenyewe mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi wa ardhi. Musa alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema kwamba mabinti wale wamenena haki.

Sura ya 31 ya Mithali twaisoma kila tunapomsifu mama bora, hasa katika mazishi. Lakini tumezoea kuzisikia habari za sufu, chakula na taa yake, tukiruka aya ya 16. Pale tunaambiwa kwamba mwanamke huyu hulikagua shamba na kulinunua, kisha hulipanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Ndugu, huo ni uthamini na ununuzi wa ardhi, na mtendaji ni mwanamke, naye anasifiwa langoni, mahali pale pale walipokaa wazee wa mji.

Nasi tunaosita kumweka mwanamke kuwa shahidi wa mkataba, tukumbuke ni nani waliokabidhiwa ushahidi wa kaburi wazi. Luka asema kwamba mitume waliyaona maneno ya wale wanawake kuwa upuuzi. Mitume walikosea. Kama Kanisa lingebaki na mashahidi wanaume pekee asubuhi ile, habari ya Ufufuko ingechelewa kutangazwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 29, umetaja ubaguzi kwa sababu ya jinsia kuwa kinyume cha mpango wa Mungu. Mwaka 1995, kabla ya mkutano wa Beijing ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Bibi Mongella wetu, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia barua wanawake wa dunia, akaeleza masikitiko yake kwa makosa ambayo wana wa Kanisa nao walishiriki.

Wala mapambano haya si ya mlimani peke yake. Huko Uingereza chama cha wapima na wathamini hakikuwa na mwanamke hata mmoja mpaka mwaka 1922, alipofuzu Irene Barclay, baada ya sheria ya mwaka 1919 kufungua milango ya taaluma. Mama huyu alikagua nyumba mbovu za maskini wa London, chumba kwa chumba, akaandika yote aliyoyaona. Aliyeshirikiana naye alikuwa padre kijana wa Kianglikana, Basil Jellicoe, ambaye jumuiya yake ilianza mwaka 1924 kuwajengea maskini wale nyumba bora. Padre hakuuliza kama mpima alivaa suruali au gauni. Alitaka anayeona vizuri na kuandika kweli, na maskini wakapata nyumba.

6. TUANZE NA NAFSI ZETU

Tungekuwa wanafiki kama tungenyoosha kidole kwa wengine tu. Sisi wenyewe, tulipotafuta eneo kwa ajili ya kazi ya kigango, tuliunda kamati ya watu 5, wote wanaume. Mama mmoja wa jumuiya alituonya kwamba eneo lile lina njia ya maji. Tulimshukuru, tukaendelea. Mvua za masika zikaja na kutuonyesha njia ya maji ilipo. Fedha iliyopotea ilikuwa sadaka ya waamini, na sehemu kubwa yake ilitoka mikononi mwa akina mama. Tunaomba radhi kwa kosa hilo, na tunaliandika hapa ili lisisahauliwe.

Kwa hiyo twatoa rai zifuatazo:

Kwanza, parokia na vigango vyetu vinaponunua, kupima au kukodisha ardhi, viite watu wa kazi kwa sifa zilizoandikwa: cheti, uaminifu, kazi zilizotangulia. Kamati ya ardhi iwe na wanawake wasiopungua theluthi, nao wasiwe wa kuandika mahudhurio na kupika chai.

Pili, hakuna kiongozi wa walei atakayetia sahihi kama shahidi katika mauzo ya kihamba au nyumba kabla ya kumwona mwenzi wa muuzaji kwa macho yake na kusikia ridhaa yake kwa masikio yake. Kila mauzo yawe na angalau shahidi mmoja mwanamke, na taratibu za halmashauri ya kijiji zifuatwe.

Tatu, mjane au binti anayenunua ardhi asindikizwe na wanajumuiya wawili, naye aandikwe mkatabani kwa jina lake mwenyewe. Wanaomsindikiza ni mashahidi wake. Wasigeuke kuwa wenye mali.

Nne, WAWATA na wazee wa koo wakae pamoja na kuorodhesha mabinti na wana wa Kirua Vunjo waliosomea upimaji, uthamini na sheria, ili mtu asiseme tena kwamba hakumjua wa kumwita.

Wazee wetu walitupa isale. Ni mmea mmoja wenye kazi mbili: limepandwa mpakani ili watu wasigombane, nalo huchumwa na kupelekwa kwa aliyekosewa ili apatanishwe. Hatukuambiwa kamwe kwamba isale lililopandwa na mwanamke halioti. Leo twalichuma na kulipeleka kwa dada zetu tuliowapita njiani, tukiomba msamaha. Kesho, mtakapotafuta mtu wa kushika kamba ya kupimia, muutazame mkono kama ni safi na kama unajua kazi. Kisha mwuite mwenye mkono huo.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Mara ya mwisho nyumba yako ilipouza, kununua au kupangisha, ulimwita nani, na kwa sababu gani?

2. Je, yupo mwanamke katika jumuiya yetu ambaye kiwanja au shamba lake limeandikwa kwa jina la mtu mwingine? Tumsaidieje kabla jua halijachwa?

3. Wajumbe wanawake wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu ni akina nani? Je, tunawajua kwa majina, na tumewahi kuwapelekea shauri?

4. Someni Hesabu 27:1-7. Kama mabinti wale wangesimama leo mbele ya wazee wetu, wangejibiwa nini?

Amani ya Kristo ikae katika vihamba vyenu na katika nyumba zenu.

Tume ya Haki na Amani